Namna ya Kukadiria Gharama Kamili ya Chuo Kikuu cha Kibinafsi Kabla ya Kulipa

Barua ya kujiunga na chuo kikuu cha kibinafsi kwa kawaida hutaja kiasi kimoja kwa wino mzito, nacho ni karo ya muhula wa kwanza. Mzazi wa Bungoma, Molo au Ahero hukitazama kiasi hicho, akakilinganisha na akiba yake pamoja na ahadi za ndugu, na akiona kinafikika humfungia mtoto sanduku. Hesabu hiyo ni fupi mno. Anayekatiza masomo kwa sababu ya karo mara nyingi hukatiza akiwa mwaka wa pili au wa tatu, baada ya familia kutumia laki kadhaa zisizoweza kurudi, naye huangushwa na jumla ambayo hakuna aliyeketi kuijumlisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijumlisha kwa kalamu, karatasi na maswali machache kwa ofisi ya fedha ya chuo, kabla shilingi yoyote haijatoka nyumbani.

Nani analipa, na analipia nini

KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi nafasi lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwapa wanafunzi nafasi katika vyuo vya umma na vya kibinafsi vilevile. Kuanzia 2016 serikali ilikuwa ikiwalipia sehemu ya karo wanafunzi iliowapeleka katika vyuo vya kibinafsi, na kumbukumbu ya miaka hiyo bado inawapotosha wazazi wengi. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa 2023, ambao umepingwa mahakamani tangu wakati huo, ulielekeza ufadhili usiorudishwa kwa wanafunzi wa vyuo vya umma, ilhali aliyechagua chuo cha kibinafsi aliachiwa nafasi ya kuomba mkopo. Kwa hivyo, kuliona jina la mtoto kwenye tovuti ya KUCCPS likiwa mkabala na jina la chuo cha kibinafsi hakumaanishi kwamba kuna mtu mwingine atakayelipa. Fanya hesabu yako ukichukulia kwamba mlipaji ni wewe, kisha msaada wowote utakaopatikana uupokee kama nafuu.

Kabla ya kuuliza bei, hakikisha kwamba kinachouzwa kina thamani. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, hutangaza orodha ya vyuo vinavyotambuliwa pamoja na kozi zilizoidhinishwa. Katika eneo letu la Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya, chuo cha Baraton kilicho karibu na Kapsabet kilipata hati yake ya kuidhinishwa mwaka 1991, kikiwa cha kwanza miongoni mwa vyuo vya kibinafsi nchini, na Kabarak, nje kidogo ya Nakuru, ilipata yake mwaka 2008. Hata hivyo hati ya chuo haitoshi kwa kozi za kitaaluma. Uuguzi sharti utambuliwe na Baraza la Wauguzi, uhandisi na Bodi ya Wahandisi, sheria na Baraza la Elimu ya Sheria. Shahada ambayo bodi husika haiitambui ni ghali kwa bei yoyote, hata ukipewa punguzo la nusu.

Kuna swali jingine linalohusu miji yetu hasa. Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret zimekuwa na mabewa ya vyuo ambavyo makao yake makuu yako Nairobi, Thika au Limuru, na baadhi ya mabewa ya aina hiyo yalifungwa idadi ya wanafunzi ilipopungua. Uliza kama kozi nzima, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, inafundishwa katika bewa hilo hilo. Ukiambiwa kwamba miaka miwili ya mwisho husomewa makao makuu, basi kodi ya nyumba utakayoiandika katika hesabu yako ni ya huko, wala si ya Kisumu.

Kusoma mchanganuo wa karo

Usikubali kutajiwa bei kwa simu. Omba mchanganuo wa karo ulioandikwa, wa kozi yako hasa na wa mwaka huu, kwa sababu karatasi ya kozi ya biashara haifanani na ya uuguzi, na ya mwaka jana imekwisha kazi. Ukishaipata, chukua kalamu na uweke alama kando ya kila mstari kuonyesha kama malipo hayo ni ya mara moja tu, ya kila mwaka, ya kila muhula, au ya kutokea siku fulani mbele ya safari. Kazi hii ndogo ndiyo moyo wa mwongozo wote.

Malipo ya mara moja ni ada ya maombi, ya usajili, ya kitambulisho cha mwanafunzi na pesa ya tahadhari. Hiyo ya mwisho ni amana inayoshikiliwa na chuo kufidia vitabu vinavyopotea au viti vinavyovunjwa, na hurudishwa mwanafunzi anapomaliza, mradi aidai na awe na risiti. Wengi huisahau, na vyuo haviwakumbushi kwa bidii.

Malipo ya kila muhula ndiyo yenye kishindo: karo yenyewe, mtihani, maktaba, matumizi ya kompyuta na intaneti, matibabu, umoja wa wanafunzi, michezo. Hapa tazama neno moja kwa makini kuliko yote. Je, mchanganuo umesema kwa muhula, kwa mwaka, au kwa yuniti, yaani kwa kila somo linalosajiliwa? Vipo vyuo vinavyotoza kwa yuniti, na humo mwanafunzi anayesajili yuniti saba hulipa zaidi ya anayesajili tano, hivi kwamba kiasi ulicholipa Januari hakikuambii lolote kuhusu Septemba. Vipo pia vyuo vyenye mihula mitatu kwa mwaka. Mihula mitatu humwezesha mwanafunzi kumaliza mapema, jambo jema, lakini mzazi aliyezoea kupumua kati ya Mei na Agosti atashangaa kupokea ankara ya tatu wakati mahindi bado yanapaliliwa. Zidisha karo ya muhula kwa idadi ya mihula ya kozi nzima, usizidishe kwa mbili kwa mazoea tu.

Malipo ya kutokea siku fulani ndiyo yanayofichika. Mafunzo ya nyanjani hutozwa ada, kwa kuwa mhadhiri husafiri kumkagua mwanafunzi alipo, na katika vyuo vingi muhula wa mafunzo hayo pia huhesabiwa kama yuniti yenye karo yake. Mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho una ada ya usimamizi, na juu yake kuna gharama za kuchapisha na kujalidi nakala. Wanafunzi wa sayansi hununua makoti ya maabara. Wa uuguzi hununua sare na vifaa, na hulazimika kusafiri kwenda hospitali za mafunzo. Wa ualimu hupelekwa shule ambazo hawakuzichagua. Kuna ada ya kurudia mtihani kwa kila yuniti iliyoanguka, faini ya kusajili kwa kuchelewa, na mwishowe ada ya mahafali yenye joho ndani yake.

Kisha shuka hadi chini kabisa ya karatasi, kwenye maandishi madogo. Huko ndiko utakutana na sentensi mbili: kwamba karo iliyolipwa hairudishwi baada ya tarehe fulani, na kwamba chuo kina haki ya kubadilisha karo wakati wowote. Kuhusu ya kwanza, andika tarehe hiyo katika shajara yako. Kuhusu ya pili, uliza moja kwa moja kama nyongeza huwahusu wanafunzi wapya pekee au hata waliomo, na umwombe anayejibu akuandikie barua pepe. Mimi simwamini karani anayesema kwa mdomo kwamba karo haitapanda. Si kwamba ni mwongo, ila mwaka wa tatu huenda atakuwa ameshahamia kazi nyingine.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kozi ya biashara ya miaka 4, mihula 8, katika chuo kinachotoza Sh75,000 kwa muhula. Takwimu hizi ni za mfano wa kuonyesha njia. Weka mahali pake zilizo katika karatasi yako. Karo peke yake ni Sh600,000, na hiki ndicho kiasi ambacho mzazi mwangalifu kidogo hukifikia na kuacha hapo. Ada nyingine za kila muhula, tuseme Sh9,500, zikizidishwa kwa 8 ni Sh76,000. Malipo ya kuingilia ni Sh8,000, mafunzo ya nyanjani Sh10,000, mradi Sh5,000 na mahafali Sh8,000. Jumla inakuwa Sh707,000. Tofauti ya Sh107,000 imezidi karo ya muhula mzima, na haikutajwa popote katika mazungumzo ya kwanza ya nyumbani.

Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kupanda kwa karo na yuniti moja au mbili za kurudiwa. Si kumwombea mtoto mabaya. Ni kwamba wahadhiri hukosana na wanafunzi, majibu ya mitihani hupotea, na hisabati ya mwaka wa kwanza haina huruma kwa mtu. Tumefika Sh777,700, na bado hatujampa mtoto mahali pa kulala.

Chumba, chakula na nauli

Gharama ya kuishi hutegemea mno mahali chuo kilipo, na hapa vyuo vya eneo letu vinatofautiana sana. Kabarak iko yapata kilomita 20 kutoka mjini Nakuru, kwenye barabara ya kwenda Eldama Ravine. Mwanafunzi ambaye kwao ni Kiamunyi, iliyo kwenye barabara hiyo hiyo, anaweza kutoka nyumbani kila asubuhi kwa matatu. Ikiwa nauli ya kwenda na kurudi ni Sh160 na anakwenda siku 5 kwa wiki kwa wiki 32 za masomo, atatumia Sh25,600 kwa mwaka, kiasi ambacho ni chini ya nusu ya kodi ya chumba cha Sh5,000 kwa mwezi. Anayetoka Busia hana njia hiyo, naye huchagua kati ya hosteli ya chuo na chumba cha nje.

Hapo kuna mtego wa miezi. Hosteli hulipiwa kwa muhula, kwa hiyo mwanafunzi anayekaa chuoni miezi 8 hulipia miezi 8. Mwenye nyumba wa Nyalenda kule Kisumu au Section 58 ya Nakuru hajui likizo ni nini: anataka kodi ya miezi 12, pamoja na amana ya mwezi mmoja siku ya kwanza, na anayekiacha chumba Mei ili akirudie Septemba hukuta kimeshachukuliwa. Kwa kodi ya Sh5,000, miezi minne ya kulipia kitanda kisicho na mtu ni Sh20,000 kwa mwaka, au Sh80,000 hadi kumaliza. Wanafunzi wawili wakigawana chumba hupunguza hasara hiyo kwa nusu, mradi wachaguane kwa busara, maana mwenzio akikimbia katikati ya muhula kodi yote inabaki juu yako.

Ukilinganisha, uliza kilichomo ndani ya bei ya kila upande. Hosteli nyingi hujumuisha maji na umeme, bali huenda zikakataza kupika, na mwanafunzi asiyepika hununua kila mlo. Chumba cha nje humpa uhuru wa kuwasha meko na kuchemsha maharagwe ya siku tatu, ila tokeni za umeme ni zake, na bomba likikauka mitungi ya maji hununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Baraton, kwa desturi ya Waadventista, mkahawa wa chuo haupiki nyama. Anayeona ugali haujakamilika bila nyama aweke bajeti yake ya pembeni tangu mwanzo kuliko kuitoa kwenye pesa ya vitabu.

Chakula kinahitaji ukweli. Mzazi hukadiria Sh100 kwa siku kwa sababu alisoma zama za chapati ya shilingi tano. Mpeleke mtoto kwenye vibanda vilivyo karibu na chuo siku mnayokwenda kukiangalia, muulize mama anayepika bei ya chai na mandazi, ya ugali na sukuma, ya omena, kisha ujumlishe milo mitatu. Tukichukua Sh250 kwa siku, mwezi ni Sh7,500, na miezi 8 ni Sh60,000. Kodi ya miezi 12 kwa Sh5,000 ni Sh60,000 nyingine. Nauli, bando za intaneti, kuchapisha kazi, sabuni na kunyoa, tuseme Sh3,000 kwa mwezi, ni Sh24,000. Mwaka mmoja wa kuishi umegharimu Sh144,000, na miaka 4 ni Sh576,000.

Kisha kuna vitu vya kuanzia, vinavyonunuliwa wiki ile ile ambayo karo inalipwa: godoro, mtungi wa gesi, sufuria, ndoo, blanketi, pazia la dirisha linalotazamana na la jirani. Tuviwekee Sh25,000, na kompyuta Sh40,000. Mwanafunzi anayetoka Molo au Kuresoi kwenda Kisumu asiondoke bila chandarua, kwa kuwa malaria ya kanda ya ziwa huwashika kwa nguvu waliokulia penye baridi, na siku moja ya kulazwa hospitalini humaliza bajeti ya mwezi. Kuhusu matibabu, ada ya afya inayotozwa na vyuo mara nyingi hugharamia zahanati ya chuo tu. Mzazi ahakikishe kwamba yeye mwenyewe amejisajili na mamlaka ya afya ya jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na kwamba mtoto anayemtegemea ameandikwa chini yake.

Jumla ya kuishi pamoja na vitu vya kuanzia ni Sh641,000. Ukiiweka juu ya Sh777,700 unapata Sh1,418,700. Karo iliyotajwa mwanzoni, Sh600,000, haikufika hata nusu ya gharama. Gawanya kwa miezi 48 na utaona kwamba kozi hii inadai karibu Sh29,560 kila mwezi kwa miaka minne. Hicho ndicho kiasi cha kujadiliwa mezani, mwanafunzi mwenyewe akiwepo.

Kalenda ya chuo na kalenda ya shamba

Familia inaweza kuwa na pesa ya kutosha kwa mwaka na bado mtoto akakosa mtihani, kwa sababu pesa ilikuja mwezi mbaya. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia au Uasin Gishu huvuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Muhula wa Septemba unamkuta ghala likiwa tupu, na ule wa Januari unamlazimisha kuuza wakati ambapo kila mtu anauza na bei iko chini. Mkulima wa majani chai wa Kericho, Nandi, Kisii au Vihiga hupata malipo ya kila mwezi yaliyo madogo, kisha bonasi inayokuja yapata Oktoba. Mkulima wa miwa ana taabu zaidi kuliko wote: zao lake huchukua kama mwaka mmoja na nusu kukomaa, na malipo ya viwanda vyetu yana historia ya kuchelewa inayojulikana na kila mtu kutoka Mumias hadi Chemelil. Ushauri wangu ni kwamba miwa isiandikwe kabisa kama chanzo cha karo ya muhula wowote maalumu. Ikilipa, ilipie mwaka unaofuata.

Chora miezi 12 kwenye mstari. Juu yake andika tarehe za kusajili na za mitihani. Chini yake andika miezi ambayo pesa huingia na kiasi chake. Mahali ambapo juu kuna deni na chini hakuna kitu ndipo panapohitaji mpango mapema. Vyuo vingi vya kibinafsi hupokea wanafunzi mara tatu kwa mwaka, Januari, Mei na Septemba, na hili ni jambo ambalo wazazi wakulima hawalitumii vya kutosha. Matokeo ya KCSE yakitoka Januari, hakuna sheria inayomlazimu mtoto mwenye C+ aingie Mei. Kusubiri Septemba kunatoa miezi minane ya kuweka akiba, na kwa mwenye mahindi, kuanza Januari ya mwaka unaofuata kunaweza kumaanisha kwamba mwaka wa kwanza wote umelipiwa na mavuno mamoja.

Uliza pia kuhusu kulipa kwa awamu. Vyuo vingi hukubali sehemu ya karo wakati wa kusajili na iliyosalia kabla ya mtihani, lakini masharti hutofautiana na lazima mpango uandikwe. Nguvu ya chuo iko kwenye kadi ya mtihani. Mwanafunzi mwenye salio anaweza kuhudhuria masomo wiki zote, akaandika kazi zote, kisha akazuiwa mlangoni siku ya mtihani, na muhula huo akauanza upya kwa malipo mapya. Kwa hivyo tarehe ya awamu ya mwisho ina uzito kuliko ya kusajili, na ndiyo ya kuwekewa akiba kwanza.

Fedha za kujazia pengo

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, unaombwa na mwanafunzi mwenyewe kupitia mtandao, akiwa na kitambulisho, nambari ya mlipa kodi ya KRA, akaunti ya benki na wadhamini. Riba yake ya asilimia 4 kwa mwaka haipatikani katika benki yoyote, kwa hiyo ni mkopo mzuri. Udhaifu wake kwa mwanafunzi wa chuo cha kibinafsi ni kwamba haukaribii kuziba karo yote, na hauji kwa ratiba ya chuo. Uombe dirisha linapofunguliwa, kisha ulipe awamu ya kwanza kana kwamba hukuomba. Mwanafunzi aelewe kwamba deni ni lake binafsi, na kwamba asipolipa baada ya muda wa neema wa mwaka mmoja tangu amalize masomo, kuna faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi.

Basari za eneobunge na za kaunti husaidia, ingawa zote mbili zimepitia misukosuko ya kisheria na haifai kuzitegemea. Kuna jambo moja la kiofisi linalowapotezea watu pesa ambazo zimeshatolewa. Hundi ya basari mara nyingi huwa moja kwa wanafunzi wengi wa chuo kimoja, ikiambatana na orodha ya majina. Nambari ya usajili ikikosewa tarakimu moja, au orodha ikitengana na hundi, pesa huingia katika akaunti ya chuo bila kuingia katika akaunti ya mwanafunzi, naye huendelea kudaiwa. Pata nakala ya orodha yenye jina la mtoto kutoka ofisi ya eneobunge, mwanafunzi aipeleke mwenyewe kwa mhasibu wa chuo, na asiondoke mpaka aione imeandikwa kwenye taarifa yake ya karo.

Mkopo wa karo wa Sacco kwa kawaida hulipwa kwa miezi 12, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua ni ya kawaida. Ukikopa Sh120,000, utalipa mtaji wa Sh10,000 kila mwezi pamoja na riba inayoanza na Sh1,200 na kuishia Sh100, jumla ya riba ikiwa Sh7,800. Bei hiyo ni nafuu. Uzito wake uko kwenye mfululizo: unapomaliza kulipa, Septemba nyingine imefika na unakopa tena, kwa hivyo hesabu makato hayo kama sehemu ya mshahara isiyokuwepo kwa miaka minne. Mikopo ya programu za simu haifai kabisa kwa karo, kwani hulipwa kwa siku 30 ilhali muhula una miezi minne.

Harambee ninaiheshimu, lakini ina tabia moja. Huja mara moja, kwa muhula wa kwanza, wakati ambapo kila mtu amefurahi. Wajomba na shangazi waliochanga Septemba hawaitwi tena Januari. Wazee wakiketi kupanga, ni bora mchango uombwe kama ahadi ndogo ya kila muhula kutoka kwa watu wachache wanaoweza, kuliko mkutano mkubwa mmoja wenye hema na vipaza sauti ambavyo navyo hulipiwa.

Usisahau kuuliza chuoni. Vipo vyuo vinavyopunguza karo kwa ndugu wawili wanaosoma pamoja, kwa anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa watoto wa wachungaji au wa wafanyakazi, na kwa wenye alama za juu. Vyuo kadhaa vya kidini vina mpango wa mwanafunzi kufanya kazi maktabani, jikoni au shambani, na mshahara wake hukatwa kwenye karo. Nafuu hizi hazitangazwi sana. Aliyeuliza ndiye hupata fomu.

Malipo yenyewe

Lipa kwenye akaunti ya benki au nambari ya Paybill iliyo katika karatasi rasmi ya chuo, ukiandika nambari ya usajili ya mwanafunzi kama akaunti, na usimpe mtu yeyote pesa mkononi wala kwenye simu yake, hata awe amevaa kitambulisho cha chuo. Kila mwisho wa muhula mwanafunzi achukue taarifa ya karo na kuilinganisha na risiti zilizo nyumbani. Kosa la Sh4,000 la mwaka wa kwanza husahihishwa kwa dakika tano wakati huo. Likigunduliwa mwaka wa nne, wakati wa kutafuta sahihi za kuondoka, linaweza kuchelewesha cheti.

Pesa zikikatika kabisa, mwanafunzi aombe kwa maandishi kuahirisha masomo, na afanye hivyo kabla ya tarehe iliyo katika maandishi madogo. Anayepotea bila barua huendelea kudaiwa muhula ambao hakuusoma, na akirudi hukuta deni, faini, na wakati mwingine mtaala uliobadilika.

Jumla ikizidi uwezo

Ikiwa kiasi cha kila mwezi hakilingani na kipato hata baada ya mkopo na basari, njia zilizobaki si chache. Masomo ya jioni na ya wikendi, yanayopatikana katika baadhi ya mabewa ya mjini Nakuru na Kisumu, humwezesha anayefanya kazi kulipa polepole na kuishi kwake. Nafasi ya chuo cha umma kama Egerton, Maseno au Masinde Muliro inafaa ilinganishwe kwa hesabu ile ile, mstari kwa mstari, pamoja na chakula na chumba. Njia ya tatu ni kuanza na diploma iliyo nafuu, kisha kuingia shahada huku baadhi ya yuniti zikihamishwa. Atakayeifuata aombe kwanza barua kutoka idara ya shahada inayotaja yuniti zitakazokubaliwa, na ada ya kuzihamisha, kabla ya kulipia diploma hiyo.